Toroli la magurudumu lageuza karakana ndogo ya seremala

KARAKANA nyingi za useremala humu nchini huhifadhi mbao kwa njia moja tu. Husimamishwa wima na kuegemezwa ukutani, na fundi akihitaji ubao ulio nyuma hulazimika kuondoa kwanza zile ishirini zilizo mbele.

Kazi hiyo huchukua dakika kumi, wakati mwingine nusu saa. Mara moja moja huchukua zaidi ya hapo, kwa sababu mbao zilizoegemezwa vibaya huteleza, na zikianza kuteleza haziji moja moja.

Mpwa wangu analijua jambo hilo kuliko mimi. Alikuwa mwanagenzi katika karakana moja mjini, akiwa na umri wa miaka 19, rundo la mbao za mkaratusi lilipomwangukia na kumvunja mguu wa kulia chini ya goti. Alikaa na plasta wiki kumi. Mwajiri alilipa gharama ya siku ya kwanza hospitalini, halafu akaacha kupokea simu.

Mfupa umeunga, lakini bado anachechemea asubuhi kukiwa na baridi na hawezi kubeba ubao mrefu begani. Kupanda ngazi pia kunamtatiza. Kwa seremala hilo si jambo dogo, kwani nusu ya useremala ni kubeba.

Alipokuja kukaa nasi Ngong mnamo Agosti 2024, dada yangu aliniomba nimtafutie kazi nyingine, ikiwezekana ya dukani. Kijana mwenyewe hakutaka kusikia habari za duka. Alitaka kurudia randa na patasi.

Nyuma ya nyumba yetu kuna kibanda cha mabati cha futi 12 kwa 18 ninamofanyia useremala jioni na wikendi. Nilikuwa na mbao 40 za inchi 6 kwa 1, nyingi zikiwa za saiprasi na mgrivea, na kumi za mvule nilizozinunua polepole kwa miaka mingi. Nyingine zilikuwa juu ya mihimili ya paa na nyingine chini ya meza ya kazi.

Alisimama mlangoni akayatazama yale mapaa, kisha akaniuliza: "Mjomba, hizo za juu nitazishushaje na mguu huu?"

Hilo ndilo swali lililotufanya tuunde toroli.

Kabla sijaeleza tulivyoliunda, nieleze kwa nini mbao 40 zinastahili kuhangaikiwa kiasi hicho. Msomaji atakumbuka kwamba Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Marufuku hiyo ilitangazwa kuwa ya siku 90, lakini ikaongezwa tena na tena, hadi Julai 2023 Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa.

Katika kipindi hicho viwanda vingi vya kupasua mbao vilinyamaza, na mafundi wakawa wanategemea miti ya mashamba ya watu binafsi na mbao za msonobari zilizovuka mpaka kutoka Tanzania. Mvule na mkangazi tangu zamani tulizipata kutoka Uganda na Kongo, na bei yake haijawahi kuwa ya mchezo.

Kwa hivyo mtu aliyeweka mvule wake kibandani ana akiba pale, sawa na mwenzake aliyeweka pesa katika chama cha akiba na mikopo. Tofauti ni kwamba akiba hii huweza kupinda, kuliwa na mchwa, kuibwa usiku au kuungua.

Kupinda ndiko kunakowasumbua wengi. Mti uliokatwa karibuni umejaa maji. Unyevu ukiteremka chini ya takriban asilimia 30 ya uzani wa mti mkavu, ndipo ubao huanza kusinyaa, nao hausinyai sawasawa pande zote. Kuufuata mzingo wa zile duara za ndani ya gogo, husinyaa karibu mara mbili kuliko kuelekea kwenye kiini. Ndiyo sababu ubao ulionunuliwa ukiwa umenyooka Jumatatu huweza kuwa kama kigae cha paa baada ya mwezi mmoja.

Dawa yake inajulikana kwa kila fundi mzee: mbao zilale, zisisimame, zishikwe kutoka chini kila baada ya futi mbili hivi, na kati ya safu moja na nyingine pawekwe vijiti vyembamba ili hewa ipite. Vijiti hivyo sharti vipangwe mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Kijiti kikikaa katikati ya nafasi badala ya juu ya nguzo, uzito wote wa safu za juu huukunja ubao ulio chini yake.

Tulianza na kalamu na karatasi. Ubao wa saiprasi uliokauka, wa inchi 6 kwa 1 na urefu wa futi 12, una uzito wa karibu kilo 7. Wa mvule wa kipimo hicho ni kilo 9 hivi. Thelathini za kwanza ni kilo 210 na kumi za mvule ni kilo 90, jumla 300. Tukaongeza kilo 90 za vipande vitatu vya plaiwudi ya milimita 18, na kilo 85 tulizokisia kuwa za toroli lenyewe. Jumla ikawa kilo 475.

Mtu asiyejua angegawanya kwa nne, kwa vile magurudumu ni manne. Sisi tuligawanya kwa tatu. Sakafu ya saruji haijawahi kuwa sawa kama kioo, na gurudumu moja likipita kwenye shimo hubaki likining'inia hewani huku yale matatu yakibeba mzigo wote. Kila gurudumu basi lilihitaji kustahimili angalau kilo 160. Tulichukua yaliyoandikwa kilo 200, yenye kipenyo cha inchi 5.

Ukubwa wa gurudumu nao una maana. Lile dogo la inchi 2, linalofaa kiti cha ofisi, hukwama kwenye kipande cha msumari au ganda la mbao, na karakana haikosi vitu hivyo.

Mzee mmoja anayeuza samani kando ya Barabara ya Ngong, ambaye huniazima jiliwa zake, alinionya mapema. "Kata gharama kwenye mbao ukitaka, lakini usikate kwenye magurudumu. Likivunjika moja, kila kitu kitalala sakafuni pamoja na wewe," alisema.

Nilimsikia. Magurudumu manne niliyoyanunua katika eneo la viwanda jijini Nairobi yaligharimu karibu sawa na vitu vingine vyote kwa pamoja. Mawili hayageuki, na mawili huzunguka na yana breki. Yote manne yakizunguka, toroli refu hukataa kufuata njia, hasa katika kibanda kama changu ambacho sakafu yake imeinamishwa kuelekea mlangoni ili maji yatoke.

Kitako tulikiunda kwa mbao za inchi 4 kwa 2, urefu futi 6 na upana inchi 30. Kati ya mbao mbili ndefu tuliweka vipande vinne vya kukingama, viwili mwishoni na viwili kati, kila kimoja kikiwa kama inchi 23 kutoka kwa mwenzake. Juu yake tukapigilia plaiwudi ya milimita 18. Magurudumu yalifungwa kwa bolti zinazopenya hadi upande wa pili na kukazwa kwa nati na washa. Skurubu hung'oka, kwani gurudumu likigonga kitu hujaribu kujibanjua kutoka kwenye ubao.

Nguzo ni nne, za inchi 4 kwa 3, na urefu wake ni futi 4 na nusu. Kila nguzo imesimama ubavuni mwa kipande kimoja cha kukingama na kufungwa kwa bolti mbili za milimita 12. Hatukuziweka katikati ya kitako. Zimeachia inchi 10 upande wa nyuma kwa ajili ya plaiwudi, na upande wa mbele wenye mikono ukapata nafasi iliyobaki.

Sehemu niliyoifurahia zaidi ni mikono yenyewe. Mafundi wengi huitengeneza kwa mbao, lakini mkono wa mbao ulio imara huwa mnene na hula nafasi. Sisi tulitumia bomba la maji la chuma la inchi 3/4. Mabomba mawili ya mita 6 yalitosha vipande 16 vya inchi 17 kila kimoja, na masalio yakabaki. Inchi 3 huingia ndani ya nguzo na 14 hubaki nje, nafasi ya kulaza mbao mbili za inchi 6 bega kwa bega.

Mkono haufai kuwa sawa kabisa na sakafu. Ukiwa sawa, toroli likitikisika mbao husogea kidogo kidogo kuelekea nje hadi zianguke. Inatakiwa ncha ya nje iwe juu kuliko shina, kwa inchi moja hivi katika zile inchi 14. Basi toroli likitikisika, mbao husogea kuelekea kwenye nguzo.

Lakini kutoboa mashimo 16 yaliyoinama sawasawa kwa keekee ya mkononi si mchezo. Shimo moja likiinama zaidi ya jingine, ubao utagusa mikono mitatu na kuuruka wa nne.

Suluhisho lilitoka kwa kijana. Alichukua kipande kinene cha mkaratusi chenye urefu wa milimita 100, akakitoboa shimo lililonyooka kabisa, kisha akaupiga randa upande unaogusa nguzo hadi sehemu ya juu ikawa nyembamba kwa milimita 7 kuliko ya chini. Kikibanwa kwenye nguzo kwa jiliwa, shimo lake huelekea ndani likishuka kwa pembe ile ile kila mara. Keekee inafuata shimo hilo, basi.

"Hii nilijifunza kwa yule bwana kabla ya mguu," aliniambia bila kuinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitaja karakana ile.

Tulitoboa nguzo zote nne zikiwa zimelazwa pamoja na kuwekwa alama kwa mstari mmoja, ili vimo visitofautiane. Mabomba yaliingia kwa kugongwa taratibu na nyundo ya mti. Hatukutia gundi, maana nataka siku moja niweze kuyang'oa.

Kimo cha mikono tulikipima kwa mwili wa kijana. Safu ya chini iko inchi 25 kutoka sakafuni, kisha 35, 45 na 55. Ile ya juu kabisa inamfika kifuani, kwa hivyo hakuna ubao anaouinua kupita bega. Safu ya pili ndiyo yenye siri. Meza yangu ya kazi ina kimo cha inchi 34. Toroli likisukumwa hadi kichwa chake kikutane na kichwa cha meza, ubao wa safu hiyo huvutwa kwa urefu wake na kutelezea moja kwa moja juu ya meza. Haubebwi kabisa.

Mbao za mvule ziliwekwa hapo.

Nyuma ya nguzo tulifunga plaiwudi nyembamba ya milimita 9. Inafanya kazi mbili: vipande vya plaiwudi huegemea hapo bila kukwaruzwa, na nguzo hazilali upande kama rafu ya vitabu iliyolegea. Ukingoni mwa kitako tuliweka kizuizi cha inchi 3 ili plaiwudi zisiteleze na kutoka. Mbele, chini ya kila nguzo, tuliongeza pembetatu ya plaiwudi inayoikaza nguzo kwenye kitako.

Pembetatu hizo zilituachia vijumba vitatu chini ya mkono wa kwanza. Ndimo vinamowekwa vipande vifupi, vile ambavyo kila seremala huapa kuvitupa na havitupi. Mke wangu, aliyekuwa akiviokota kwa ajili ya jiko, hajafurahia mpango huo.

Swali ambalo kila mgeni huuliza ni kama toroli halitapinduka. Ni swali zuri, na jibu liko kwenye upana wa kitako. Mikono ikijaa na nyuma kukiwa kutupu, kitovu cha uzito huwa karibu inchi 21 kutoka ukingo wa nyuma. Gurudumu la mbele liko kwenye inchi ya 28. Kuna salio la inchi 7, ingawa gurudumu linalozunguka likigeukia ndani hula inchi moja na nusu ya hiyo. Anayetaka kufupisha kitako hadi inchi 20 ili kuokoa nafasi asifanye hivyo, labda afunge toroli ukutani, na hapo halitakuwa toroli tena.

Upakiaji nao una utaratibu. Nzito hukaa safu za chini, na wakati wa kupakua huanzia juu. Toroli husukumwa kwa kulishika kwenye nguzo ya mwisho. Usilivute kwa ncha ya ubao, maana mbao za futi 12 hutokeza futi 3 kila upande wa kitako na ukizivuta zitakuja zenyewe, toroli libaki nyuma. Tumefunga kitambaa chekundu kwenye ncha hizo tangu mtoto wa jirani alipokuja akikimbia na kukaribia kugonga paji la uso.

Tulimaliza kwa siku nne za kazi, tukihesabu na ile moja tuliyokosa umeme.

Mabadiliko ya kwanza yaliyoonekana ni sakafu. Chini ya meza pakawa wazi na mihimili ya paa ikawa tupu. Mchana wa jua tunalisukuma toroli hadi mlangoni, kibanda kinakuwa ukumbi. Jioni linarudi ndani na kufuli inafungwa. Kwa kuwa mbao ziko juu ya sakafu na chini yake panaonekana, mchwa hawana njia ya kujenga vichuguu bila kugunduliwa. Fukusi ni shauri jingine. Hao huja ndani ya ubao wenyewe, hasa ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo, na ukiona unga mwembamba kama wa ngano chini ya ubao, ondoa ubao huo siku hiyo hiyo.

Kufagia pia kumekuwa rahisi, na hili si jambo la unadhifu tu. Moto uliozuka Gikomba, Nairobi, mnamo Juni 2018 uliwaua watu 15. Karakana ya mbao iliyo hatua chache kutoka chumba cha kulala cha watoto haipaswi kuwa na maranda yaliyorundikana mahali ambapo ufagio haufiki. Zamani nilifagia nilipoweza kufika. Sasa tunasogeza toroli, tunafagia, tunalirudisha.

Kijana alianza na vigoda. Baadaye akatengeneza kabati la vyombo la jirani, la saiprasi, milango miwili yenye bawaba za shaba. Aliutoa kila ubao kwenye toroli peke yake. Nilikuwa kazini Nairobi siku hizo na sikumsaidia hata na mmoja.

Dada yangu alipotutembelea Desemba alimkuta akipiga randa, maranda yamemfunika viatu. Alisimama mlangoni kwa muda, kisha akaingia na kulisukuma toroli kwa mkono mmoja, kama mtu anayejaribu kiti kabla ya kukikalia. Lilienda futi moja likasimama kwenye breki.

"Hili haliwezi kumwangukia?" aliniuliza.

Nikamwonyesha mikono ilivyoinama kuelekea ndani. Aliitikia kwa kichwa, lakini kabla ya kuondoka alinivuta kando na kuniambia kuwa ile nafasi ya dukani bado ipo, mwenye duka anasubiri jibu.

Mpwa wangu anajitayarisha kufanya mtihani wa ufundi wa Gredi ya Tatu unaotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA. Cheti hicho kitamwezesha kuomba kazi katika karakana kubwa. Nilimuuliza atafanyaje akikuta huko mbao zimeegemezwa ukutani.

Alisema kile kipande cha mkaratusi chenye shimo amekitia katika mfuko wake wa vifaa.